UZI: Mzee kaniletea udongo wa Makuutu niupime kwa sumaku, tuongee kuhusu neodimi

FundiWaIganga

Wadau habari za jioni. Mimi ni fundi wa mota na spika hapa Iganga, miaka kumi na tano sasa nafunga waya za mota na kubadilisha koni za spika. Wiki iliyopita mzee mmoja kaja dukani na kaveera (mfuko wa plastiki) limejaa udongo mwekundu, kashuka kwenye boda kutoka upande wa Makuutu kule Bugweri, akaniambia mwanangu nasikia kwetu kuna madini ya sumaku, na wewe una sumaku kali, hebu pitisha hapa tuone kama zitashika.

Nikapitisha. Nilitumia ile niliyoitoa kwenye hadi diski ya kompyuta, zile mbili zenye umbo la mwezi mchanga, ukizembea zinakubana kidole mpaka damu. Zikashika chembe chache nyeusi, zile zile watoto wanazokota kwenye mchanga wa barabarani baada ya mvua. Mzee akafurahi sana, ikabidi nimwambie mzee wangu, hizo nyeusi ni chuma tu, na hicho unachokitafuta, neodimi, sumaku haikishiki.

Alinyamaza kidogo alafu akasema kuna mtu kamwahidi kununua udongo wake kwa gunia. Hapo ndo nikaona niandike huu uzi, kwa sababu nimekuwa nikisoma hii kitu muda mrefu na naona watu wetu wanaambiwa nusu nusu.

Neodimi ni metali, namba 60 kwenye jedwali la kemia. Ikikatwa sasa hivi inang'aa kama fedha, ila iache kwenye hewa inachakaa haraka, inavaa ganda ambalo linabanduka na hewa inaendelea kuila kwa ndani, ndo maana wanaoiuza wanaiweka kwenye mafuta. Uzito wake ni mara saba ya maji, inayeyuka kwenye digrii 1,024 hivi. Na peke yake, kwenye joto letu hili, SIYO sumaku. Ukiisogezea sumaku inavutwa kidogo mno hata hutagundua. Miaka yote nilikuwa naamini kuna metali fulani yenye sumaku ndani yake, kumbe sivyo.

Nguvu inakuja ikichanganywa na chuma na boroni, atomu mbili za neodimi, kumi na nne za chuma, moja ya boroni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 pande mbili tofauti ziliifikia karibu wakati mmoja, Masato Sagawa wa Sumitomo kule Japani na watafiti wa General Motors kule Marekani, kila upande kwa njia yake. Kwa uzito chuma ndo nyingi, kama theluthi mbili, neodimi haifiki theluthi moja, boroni ni asilimia moja tu. Sasa neodimi inafanya nini humo? Chuma kina usumaku mwingi lakini hakina msimamo, ukikipiga au kukipasha moto kinasahau upande wake. Neodimi inakifunga kielekee upande mmoja na kisigeuke. Hiyo ndo kazi yake.

Mafundi wenzangu mnajua ile spika ya zamani yenye sahani nyeusi nzito nyuma, ile ni sumaku ya feraiti. Nguvu ile ile leo unaipata kwenye kipande cha neodimi kidogo kama kifuniko cha soda, maana kwa ujazo ule ule inabeba nishati mara kumi hivi. Kwa hiyo simu ikawa nyembamba, hedifoni ikaingia sikioni na mota ya boda ya umeme ikaingia ndani ya gurudumu.

Narudi na sehemu ya udongo wenyewe, kuna mteja mlangoni.

Mjomba_Malaba

Fundi shikamoo kwa shule. Mimi ni mtu wa biashara, kilo ni bei gani na hilo gunia wanalipeleka wapi? Niko mpakani hapa, malori yote yanapita mbele yangu.

FundiWaIganga

Marahaba mjomba, ila kabla ya bei piga hesabu na mimi. Makadirio ya mradi wa Makuutu yaliyotangazwa 2022 yalisema kuna tani milioni 532 za udongo zenye wastani wa gramu 640 za oksidi kwa kila tani. Hizo 640 ni za madini adimu YOTE kwa pamoja, lantani, seri, neodimi, praseodimi, disprosi, terbi na wenzake, siyo neodimi peke yake.

Sasa chukua gunia la kilo 50. Ndani kuna gramu 32. Hapo ni kama kila chembe imetoka, na kwenye udongo wa namna hii hazitoki zote. Gramu 32 za vitu zaidi ya kumi vilivyochanganyikana mpaka huwezi kuvitenga jikoni, wala kwa sonara, wala kwa zebaki kama wanavyofanya wachimba dhahabu kule Busia. Hakuna mtu popote atakulipa kwa gunia. Ukimwona anayelipa jua anatafuta kitu kingine, mara nyingi ni sahihi yako kwenye karatasi ya ardhi.

Na hilo neno adimu linapotosha watu. Kwenye ganda la dunia kuna kama gramu 40 za neodimi kwa tani ya mawe, risasi hii ya betri haifiki hata nusu ya hapo. Shida ni kwamba imetawanyika kila mahali kidogo kidogo, na inakaa na ndugu zake ambao wanafanana nayo kwa kila kitu.

Nabirye_Bugiri

Hii ya ndugu wanaofanana imenigusa maana mimi ni mama wa mapacha. Fundi nikuulize, hiyo sumaku ndogo ndogo za michezo ya watoto zinauzwa pale sokoni ni hizo hizo? Wangu wana miaka minne wanaweka kila kitu mdomoni.

FundiWaIganga

Dada Nabirye, ni hizo hizo na uziondoe ndani leo. Mtoto akimeza moja inaweza kupita yenyewe, akimeza mbili zinatafutana tumboni, moja iko kwenye utumbo wa huku na nyingine utumbo wa kule, zinabanana na nyama iko katikati mpaka utumbo unatoboka. Ukishuku kameza usisubiri kuona kama atalia, kimbia hospitali na uwaambie ni sumaku.

Na kuhusu mapacha, utalipenda hili. Mwaka 1841 Msweden mmoja, Carl Gustaf Mosander, alipata kitu kipya kikiwa pamoja na lantani akakiita didimi, kutoka neno la Kigiriki la pacha, pacha wa lantani. Watu wakaamini hivyo zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1885 Carl Auer von Welsbach kule Vienna akakigawa akakuta kumbe pacha mwenyewe ni wawili! Mmoja chumvi zake ni za kijani akamwita praseodimi, pacha wa kijani, mwingine akamwita neodimi, pacha mpya. Kwa Wasoga tungesema Waiswa, pacha wa kwanza, kazaliwa, tukangoja miaka arobaini na ndo Tenywa, pacha wa pili, akaonekana.

Nabirye_Bugiri

Wee! Nimewasomea wakacheka. Sumaku nimeshazifungia kabatini juu. Asante sana ssebo.

BodaUmeme_Kampala

Naomba kuingilia. Mimi naendesha boda ya umeme mwaka wa pili, mlima wa Makindye nikipanda na abiria wawili mchana jua kali mota inapata moto mpaka ukigusa unatoa mkono, na nahisi siku hizi haina nguvu kama zamani, betri wamepima wakasema iko sawa. Inaweza kuwa ni sumaku?

FundiWaIganga

Inaweza. Sikwambii ni lazima, maana kontrola na waya pia huchoka, lakini sumaku ya neodimi ya kawaida imetengenezwa ifanye kazi mpaka digrii 80. Ikizidi hapo na huku mota inavuta umeme mwingi inaanza kupoteza nguvu kidogo kidogo, na ukiipoesha ile iliyopotea hairudi mpaka ipelekwe ikachajiwe usumaku upya. Ikifika digrii 310 inakufa kabisa, inabaki kipande cha chuma ghali.

Dawa yake inaitwa disprosi. Unaongeza asilimia chache tu za disprosi, au terbi, na sumaku ile ile inavumilia digrii 150, 180, hata 200. Mota nyingi za magari ya umeme zinaitegemea hiyo. Jina lake kwa Kigiriki maana yake ni kigumu kukipata, aliyempa jina alihangaika sana kukitenga mwaka 1886.

Na hapa ndo Makuutu inaingia. Kule kwenye migodi ya Bayan Obo China na Mountain Pass Marekani mwamba umejaa zile nyepesi, lantani na seri nyingi, neodimi ipo ya kutosha, disprosi ni kidogo sana. Udongo wa aina ya Makuutu una sehemu kubwa zaidi ya zile nzito, kama disprosi na terbi. Udongo kama huo uliochimbwa kwa wingi ulikuwa kusini mwa China, Jiangxi na jirani zake, na Myanmar. Aprili 2025 China ilipoweka vibali kwa wanaotaka kupeleka nje disprosi, terbi na nyingine tano, haikupita hata miezi miwili viwanda vya magari vya Marekani na Japani vikaanza kusimamisha kazi kwa kukosa sumaku. Gari zima limesimama kwa sababu ya kitu cha gramu.

Kijana_wa_Bugweri

Mimi ndo natoka huko huko. Tulikuwa wadogo tulikuwa tunachimba huo udongo kusiriba nyumba, leo tunaambiwa ni madini. Walikuja wakatoboa mashimo ya kupima, leseni kubwa ya kuchimba ilitoka Januari 2024, mtambo wa majaribio nao upo. Kitu ambacho watu wanauliza nyumbani ni vitu viwili, kwanza ardhi yangu itakuwa ya nani, pili maji ya kisima yatakuwaje. Vitabu vya kemia siyo swali letu fundi, samahani kama nasema vibaya.

FundiWaIganga

Hujasema vibaya hata kidogo ndugu yangu, hayo ndo maswali.

La kwanza. Katiba yetu kifungu cha 237 ardhi ni ya wananchi. Kifungu cha 244 madini yaliyo chini ya ardhi yapo mikononi mwa serikali kwa niaba ya nchi. Yaani shamba ni lako ila kilichoko chini siyo chako. Lakini kifungu cha 26 kinasema huwezi kuondolewa kwenye mali yako kabla ya kulipwa fidia ya haki na ya kutosha, KABLA, siyo baadaye. Kila mtu kule ajue hilo neno. Miwa ihesabiwe, mihogo ihesabiwe, makaburi yahesabiwe. Na mwenye kibanja ambaye hana hati ahakikishe LC (serikali ya kijiji) na majirani wanamjua na mipaka inajulikana, kabla mtu yeyote hajaja na tepu.

La pili la maji nitaliandika vizuri, ila inabidi nieleze kwanza wanavyotoa. Mwalimu wa Tororo uko humu? Nisaidie usije ukasema nimepotosha.

Mwalimu_Kemia_Tororo

Nipo fundi, nimekuwa nasoma kimya. Mpaka sasa uko sawa, acha niendelee.

Huo udongo ulitokana na miamba ya kale ambayo mvua na joto la miaka mingi sana viliiozesha. Mwamba ukioza zile atomu za madini adimu zinaachiwa zinashuka na maji, alafu zinakutana na udongo wa mfinyanzi ambao chembe zake zina chaji hasi. Zenyewe zina chaji chanya, tatu kila moja, kwa hiyo zinanata juu ya udongo kama vumbi kwenye kioo cha televisheni. Hazimo ndani ya jiwe. Ndo sababu hauhitaji baruti wala kusaga.

Kuzitoa unapitisha maji ya chumvi, kwa kawaida amonia salfeti, yenye uchachu kidogo. Ioni (chembe zenye chaji) za amonia zinakaa mahali pa zile za madini na madini yanashuka na maji. Wakulima wa mpunga mnaifahamu amonia salfeti, ni mbolea ile ya SA. Maji yale yanakusanywa, wanaondoa aluminiamu na chuma, wanatia kitu cha kuyagandisha yanakuwa unga wa karboneti iliyochanganyika. Hapo ndo mtambo wa Makuutu unaishia, unga wenye madini yote pamoja.

Kazi ngumu ndo inaanza hapo. Zote zina chaji tatu, na ukubwa wa ioni zake unapishana kidogo mno, kutoka moja hadi inayofuata ni kama asilimia moja tu. Njia inayotumika ni kuyeyusha unga kwenye asidi, kuutikisa na mafuta ya jamii ya mafuta ya taa yaliyotiwa kemikali inayopenda ile nzito kidogo kuliko nyepesi, kuacha vitengane, kutikisa tena. Mara moja haitoshi. Mara kumi haitoshi. Mtambo kamili una mamia ya matangi yamepangwa mstari, maji yanaenda huku mafuta yanarudi kule, na yanaweza kuchukua wiki nyingi kabla hujaona upande wa mwisho kitu safi. Xu Guangxian wa China ndiye aliyeiwekea hesabu zake miaka ya 1970, na kwa hesabu hizo nchi yake ikaja kushika karibu asilimia 90 ya usafishaji wote duniani.

Mwalimu_Kemia_Tororo

Naongeza, maana wanafunzi wangu huuliza metali yenyewe inapatikana lini. Baada ya kutengwa unapata oksidi ya neodimi, unga wenye rangi kama zambarau hafifu. Unauyeyusha kwenye chumvi ya floraidi kwenye digrii 1,050 hivi na kupitisha umeme, metali inadondoka chini kama nta ya mshumaa. Umeme mwingi sana unaenda hapo. Alafu inachanganywa na chuma na boroni, inasagwa mpaka chembe za mikroni tatu hadi tano, unga ambao ukikutana na hewa unaweza kuwaka wenyewe, inashindiliwa ndani ya uga wa sumaku ili kila chembe ielekee upande mmoja, inachomwa, inapakwa nikeli isipate kutu. Ile sumaku ya fundi ya kwenye hadi diski imepita njia yote hiyo.

Mjomba_Malaba

Sasa nimeelewa kwa nini lori la udongo halipiti hapa. Kwa hiyo pesa iko kwenye yale matangi.

FundiWaIganga

Mjomba umeshika. Na hii ndo roho ya uzi wangu. Kuna watu wanabishana tunamiliki asilimia ngapi ya shimo, na mimi nauliza matangi yako wapi.

Mzee wangu alifanya kazi Jinja kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba. Shaba ilichimbwa Kilembe kule Kasese kuanzia 1956, ikasafiri na treni nchi nzima mpaka Jinja kwa sababu umeme wa Owen Falls ulikuwa pale. Uganda ilikuwa inatoa shaba iliyoyeyushwa, siyo mawe. Nilikuwa mdogo sana mgodi ulipofungwa ila nakumbuka viatu vyake vizito mlangoni. Basi sisemi ni kitu cha ndoto. Umeme leo tunao mwingi kuliko wakati ule, Karuma peke yake ni megawati 600. Ambacho hatuna ni vijana mia mbili mia tatu wanaojua ile hesabu ya matangi aliyoisema mwalimu, na hao hawatengenezwi mwaka mmoja. Ningependa siku moja niseme mtoto wa Busoga kaitenga disprosi, kuliko niseme tumepata mrabaha.

Ila Kilembe hiyo hiyo ilituachia mabaki kando ya mto Nyamwamba, na kila mafuriko yakija yanabebwa mpaka kwenye mashamba na maji ya watu. Hapo sasa ndo swali la Kijana wa Bugweri. Kule Jiangxi walianza kwa kulundika udongo na kuumwagia chumvi, baadaye wakawa wanatoboa kilima na kuimwaga ndani moja kwa moja, amonia ikaingia visimani na mitoni, vilima vingine vikaporomoka, na China imekuwa ikitumia pesa nyingi miaka na miaka kusafisha. Afadhali moja ni kwamba udongo wa namna hii una thori na urani kidogo ukilinganisha na mchanga wa monazaiti, chanzo kingine cha madini haya, kwa hiyo mionzi siyo hofu kubwa. Hofu ni maji. Maji yetu yale mengine yanashuka Ziwa Victoria na mengine Kyoga, na amonia ikifika ziwani inalisha mwani. Waulizeni kabla: chini ya lundo mmeweka turubai gani, maji ya chumvi yanazunguka yanarudi au yanamwagwa, kisima changu kinapimwa kila mwezi na nani, na karatasi ya vipimo naiona wapi. Kisima kipimwe SASA kabla kazi kubwa haijaanza, bila hiyo hamtakuwa na kitu cha kulinganisha.

Kijana_wa_Bugweri

Hiyo ya kupima kisima sasa hatukuwahi kuifikiria. Naipeleka kwenye mkutano wa kijiji Jumapili. Nimeipiga picha hii posti yote.

BodaUmeme_Kampala

Nimerudi. Nilipeleka mota ikafunguliwa, sumaku mbili zimepasuka na zina kutu, fundi kasema maji yaliingia nikapita kwenye mafuriko ya Bwaise. Tunaagiza nyingine. Zile za zamani nizitupe?

FundiWaIganga

USITUPE. Kwa uzito zile zina neodimi karibu robo nzima, udongo wa Makuutu una 640 kwa milioni kwa zote pamoja. Kipande kilichokufa ni tajiri kuliko shimo lolote. Wenye kusafisha upya bado ni wachache na wako mbali, lakini mimi naweka ndoo, hadi diski, spika, mota, nimefikisha kilo kadhaa. Ukitaka kuzisafirisha kwa usalama zizungushie mbao au zifungie kwenye boksi la chuma, usiziweke pamoja na simu wala karibu na mtu mwenye betri ya moyo.

FundiWaIganga

Wadau mzee alirudi leo asubuhi. Nilimsomea uzi karibu wote, nikamtafsiria mengine kwa Lusoga. Hajauza. Akauliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake: ule udongo ukishaoshwa na kurudishwa shimoni, muhogo utaota? Mwalimu nisaidie, kasema anarudi Ijumaa.

Mwalimu_Kemia_Tororo

Mwambie swali lake ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Amonia salfeti ni mbolea, kwa hiyo kidogo yake haiui. Shida ni wingi, na ule uchachu. Udongo ukiwa mchachu sana aluminiamu inaachiwa na mizizi inaungua, inakuwa mifupi mifupi, mmea unanyauka hata kama mvua ipo. Muhogo unavumilia uchachu kuliko mahindi lakini una mpaka wake. Vitu vitatu adai: ule udongo mweusi wa juu utolewe kwanza uwekwe pembeni usichanganywe na mwingine, uliooshwa usuuzwe kwa maji safi na kutiwa chokaa kabla ya kurudishwa, alafu ule mweusi urudi JUU. Chokaa iko hapa hapa Tororo.

FundiWaIganga

Nimeandika kwenye daftari, Ijumaa namsomea. Lile kaveera lake la udongo kaniachia, liko kwenye rafu pembeni ya spika, kasema nimtunzie.